Mama Fyuzi na Kompyuta Iliyojizima

Miezi mitatu ilikuwa imetimia tangu Mama Fyuzi ahamie kwa mwanawe, na katika miezi hiyo mitatu hakuruhusiwa kushika kitu kizito kuliko kijiko.

Jina hilo la Mama Fyuzi alilipata kiwandani. Alikuwa fundi umeme wa kiwanda cha nguo kwa miaka thelathini na mmoja, mwanamke pekee katika karakana ya wanaume kumi na wanne. Siku ya kwanza walipomcheka, alichomoa fyuzi ya feni yao, akaitia mfukoni, akakaa zake kwenye kiti kusubiri. Saa nane mchana, jasho limewalowesha mpaka soksi, wakaja kumwomba radhi mmoja mmoja. Jina likamganda tangu hapo. Sasa alikuwa na miaka sitini na sita, goti la kulia limepasuliwa na kushonwa, na daktari alikuwa amekataa katakata asikae peke yake mpaka lipone sawasawa. Mwanawe, ambaye ndiye mtoto pekee aliyejaliwa, akamchukua, akamkabidhi kwa mkewe. Wiki mbili hazijapita, kazi ikamwita yeye mwenyewe akasimamie ujenzi wa daraja mbali huko, akawaacha wanawake wawili wakitazamana.

Mkamwana alikuwa mtu wa adabu. Tena adabu ya kupitiliza. Asubuhi, "Shikamoo, Mama, umeamkaje?" Mchana, "Mama, goti linasemaje?" Jioni, "Mama, nikuongezee mto?" Chai haikupungua kwenye chupa. Mama mtu akiinuka kuosha kikombe, kikombe kinanyakuliwa mkononi mwake kwa upole. Akishika ufagio, ufagio unahamishwa. "Pumzika, Mama. Umefanya kazi vya kutosha maishani." Na baada ya hapo, kimya. Mkamwana anarudi kwenye kile chumba kidogo mwisho wa korido, anafunga mlango, na nyumba inatulia mpaka unasikia friji likinguruma.

Mama Fyuzi hakuwa na neno baya la kusema juu yake. Angesema nini? Lakini alikuwa anajihisi kama kabati la vyombo vya wageni: linafutwa vumbi, linaheshimiwa, haliguswi. Akajisemea moyoni kwamba binti yule amechoka naye, ila malezi mema yanamzuia kusema.

Kazi ya mkamwana ilikuwa kuchora katuni. Si za karatasi, za kompyuta, zile zinazotembea na kuongea. Wakati huo alikuwa anatengeneza filamu ya dakika sita kwa ajili ya wodi ya watoto ya hospitali moja pale mjini, ili watoto wanaosubiri kupasuliwa waone kitakachowapata na hofu iwapungue. Ilimhusu kobe mdogo aliyepasuka gamba, anaogopa kwenda kwa daktari kwa sababu ameambiwa atavuliwa nyumba yake. Filamu ilitakiwa Ijumaa. Kompyuta yake ilikuwa nzito kama gari bovu mlimani, basi rafiki yake mmoja, aliyekuwa anafunga studio, akamuuzia kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayobeba mzigo wa picha. Kadi yenyewe pande la kitu, feni tatu mgongoni. Mkamwana akaipachika mwenyewe Jumatatu, akifuata maelekezo kwenye simu.

Jumanne asubuhi, Mama Fyuzi akiwa sebuleni na mguu wake juu ya stuli, akasikia feni zikipanda sauti kule chumbani. Zikapanda, zikapanda. Halafu, tak! Kimya.

Baada ya muda zikaanza tena. Vuuu, vuuuu. Tak!

Akaacha kikombe hewani. Mlio ule aliujua. Haukuwa mlio wa kitu kuungua, kwa maana kitu kikiungua kinapasuka, au kinanuka, au vyote viwili. Huu ulikuwa mkavu, msafi, kama mtu anayefunga mlango kwa makusudi. Mara ya tatu akahesabu: kutoka feni zilipopanda hadi kimya, sekunde kumi na moja. Mara ya nne, kumi na moja. Mara ya tano, kumi na mbili.

Mara ya sita haikufuata. Badala yake alisikia kilio cha chini, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa kiganja.

Mama Fyuzi alikaa akishindana na nafsi yake. Mkwe haingilii mambo ya mkwe mwenzake. Na mlango umefungwa, na mtu anayefunga mlango ana sababu. Lakini mtu mzima kukaa kwenye kochi akisikiliza mtoto wa watu analia, mguu juu ya stuli kama malkia? Akapiga moyo konde, akashika mkongojo wake, akachechemea koridoni.

"Hodi."

Ndani kukawa na purukushani ya kutafuta kitambaa. "Karibu, Mama! Karibu. Umehitaji chai?"

"Chai? Mwanangu, chai ya nyumba hii nimeinywa mpaka nimekuwa birika. Nimekuja kuuliza huyo anayejizima."

Mkamwana alisimama mlangoni, macho mekundu, akijitahidi kutabasamu. Nyuma yake chumba kilikuwa kidogo, meza mbili, ukuta umejaa michoro ya kobe: kobe analia, kobe anacheka, kobe kachungulia kutoka ndani ya gamba lenye bandeji. "Ni kompyuta tu, Mama. Usijisumbue. Nadhani kadi niliyouziwa ni mbovu."

"Inazima lini? Ikikaa bure, au ikipewa kazi?"

Binti akapepesa macho. Hilo halikuwa swali alilolitegemea. "Ikikaa bure haina shida. Hata kuchora, inakubali. Ikianza kupika tu ndiyo inazima."

"Kupika?"

"Ndivyo tunavyoita, Mama. Nikimaliza kuchora, kompyuta inabidi itengeneze kila picha, mwanga wake, vivuli vyake. Picha kama elfu tisa. Hapo ndipo inapofanya kazi kwa nguvu zake zote."

"Haya. Ipe ipike, nione."

Mkamwana akavuta kiti, akamkalisha, akabonyeza. Feni zikapanda. Mama Fyuzi aliinamisha kichwa kando, macho kayafumba, kama daktari anayesikiliza kifua. Kumi, kumi na moja. Tak!

"Iwashe tena."

Ikawaka bila ubishi.

"Basi futa machozi," alisema Mama Fyuzi. "Haijaungua. Hiyo inajilinda. Imebebeshwa mzigo usio wake, inautua chini kabla haujaivunja mgongo. Zima, chomoa waya ukutani, tuifungue ubavu."

Kwa kuwa goti halikumruhusu kuinama, mkamwana akaibeba kompyuta hadi juu ya meza, akailaza, akafungua skrubu za ubavuni. Mama Fyuzi hakuwa amewahi kutazama ndani ya kompyuta maishani mwake, lakini umeme ni umeme. Alitafuta mahali waya wa ukutani unapoingilia, akakuta boksi la chuma lenye feni yake na fungu la nyaya zikitoka kama utumbo.

"Hili ndilo linalogawa?"

"Ndiyo, Mama. Linaitwa pawa saplai."

"Nisikilize vizuri: hili boksi halifunguliwi. Si na wewe, si na mimi. Hata likichomolewa ukutani linabaki na umeme tumboni, linamsubiri mjinga. Tunaloweza ni kusoma cheti chake tu. Nishikie tochi."

Kwenye boksi kulikuwa na lebo, na juu ya lebo tarakimu kubwa za dhahabu: 600. Mkamwana akaionesha kwa kidole. "Kadi inahitaji pawa saplai ya wati mia sita na hamsini, hii ni mia sita. Nikaona tofauti hamsini tu, haiwezi kuwa neno."

"Hayo maandishi makubwa ni ya kuuzia," alisema Mama Fyuzi, akisogeza miwani. "Maandishi ya kazi huwa madogo. Kadi yako inakula volti ngapi?"

"Kumi na mbili. Kadi na prosesa, vyote kumi na mbili."

"Basi tafuta mstari wa kumi na mbili. Huu hapa. Ampea ishirini na sita. Lete penseli."

Akaandika nyuma ya mchoro wa kobe, kwa ile hati yake ya karakana, tarakimu kubwa zilizonyooka. Kumi na mbili mara ishirini na sita: mia tatu na kumi na mbili.

"Hizo ndizo wati unazozipata pale unapozihitaji. Zilizobaki ziko kwenye mistari mingine ambayo kadi haina haja nayo, au hazipo kabisa, ziko kwenye rangi ya dhahabu tu. Kadi inakula ngapi?"

Mkamwana akatazama simu. "Mia mbili na hamsini. Prosesa mia na tano. Feni na diski, tuseme arobaini."

"Mia tatu tisini na tano. Unaona? Hapo hata bado haijashtuka." Akamweleza kwamba kiwandani, mitambo ya kufuma ikiwashwa asubuhi, kila mota huvuta kwa mkupuo mara kadhaa ya kile itakachokula ikishatulia. Wakiiwasha yote kwa pamoja, kiwanda kizima kinaingia gizani. Yeye ndiye aliyewafundisha kuwasha safu moja, wanasubiri, kisha safu ya pili. "Na hiki nacho kitakuwa kina mikupuo yake. Si kinapika?"

Akapitisha vidole kwenye nyaya zilizoingia kwenye kadi. Kadi ilikuwa na matundu mawili ya umeme, lakini pawa saplai ilikuwa na waya mmoja tu wa kuifaa. Tundu la pili lilikuwa linalishwa na kiunganishi cha kubahatisha, kilichookota umeme kutoka kwenye vinyaya vyembamba vilivyotengenezewa diski. Plastiki yake ilikuwa bado ya moto, na pembeni imeanza kuwa na rangi ya njano.

"Gusa hapa. Taratibu."

Mkamwana akagusa, akarudisha mkono haraka.

"Hicho kilikuwa kinaelekea kukuchomea nyumba," alisema Mama Fyuzi kwa sauti ya kawaida, kama anayesema mvua itanyesha. "Bahati yako boksi lina akili kuliko aliyeliandika mia sita."

Aliendelea kuinamia nyaya, akizifuata moja moja, na kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe goti alisahau kwamba ana goti. Ndiyo maana hakuona mara moja kwamba mkamwana amehama, amekuja upande wa kushoto wa kiti na kusimama pale. Alipoinua uso, binti alikuwa amemkazia macho, na machozi yamerudi.

"Nini tena? Si nimekwambia haijaungua?"

"Si kompyuta, Mama." Binti akaja mbele yake. "Nimekuuliza kitu sasa hivi, mara mbili, umenyamaza. Kama siku ile. Mama, naomba uniambie tu. Nilikukosea nini?"

"Siku ipi?"

"Siku ya harusi yetu. Ulipokuwa umekaa kiti cha mbele, nilikuja nikakuinamia sikioni nikasema, 'Mama, sijui kama nitakuwa mke mzuri, lakini mwanao nitamtunza, na wewe nitakuwa mtoto wako.' Ukaangalia mbele. Hukunijibu hata neno. Miaka minne, Mama, najiuliza. Nikasema labda hukunitaka. Basi ulipokuja hapa nikaapa nisikuudhi kwa lolote, hata kikombe usikioshe."

Mama Fyuzi aliweka penseli chini. Akakumbuka siku ile: tarumbeta, watu, harufu ya maua, na yule bibi harusi aliyempitia kwa karibu, kisha akaondoka ameinamisha uso. Naye akasema moyoni, binti mzuri, ila ana majivuno, hata salamu hakunipa.

"Uliniinamia sikio gani?"

"Mama?"

"Sikio gani? La huku, au la huku?"

Mkamwana akafikiri. "La kushoto."

"Hilo limekufa," alisema Mama Fyuzi. "Lina miaka kumi na mitano limekufa. Mitambo ya kufuma mia mbili na arobaini, mwanangu, kila siku, na pamba tuliyopewa ya kuziba masikio ilikuwa haizibi hata mlio wa panya. La kulia ndilo linalofanya kazi ya yote mawili. Sebuleni nakaa kochi lile la dirishani ili niligeuzie koridoni. Mwanangu hajakwambia?"

"Hajaniambia!"

"Atakwambiaje, naye sijamwambia. Angenitoa kiwandani. Nami nilikuwa namsomesha."

Walitazamana. Kisha mkamwana akacheka, kicheko kilichoanzia kwenye kilio na kukosa breki, akajifunika uso. Mama Fyuzi akamvuta mkono, akamkalisha kwenye ukingo wa meza, mahali penye michoro.

"Njoo huku kulia. Sema tena."

"Nini?"

"Ulichosema siku ile. Nimechelewa kukijibu miaka minne, nataka nijibu."

Binti akainama, akasema. Sauti ilimkatika katikati, lakini alimaliza. Mama Fyuzi alisikia kila neno.

"Nimepokea, mwanangu," alisema. "Na mimi nilidhani umechoka na mzee wa watu nyumbani kwako. Kumbe tulikuwa tunaogopana kama paka wawili darini."

Ilibidi kazi iendelee, maana Ijumaa haikuwa na huruma. Mchana ule ule walichukua teksi hadi kwenye jengo la vifaa vya kompyuta, ghorofa ya chini, maduka yamebanana kama meno. Mkamwana alikuwa amepima nafasi ndani ya kompyuta kwa futi kamba ya kushonea, urefu, upana na kimo, akaandika kiganjani. Mama Fyuzi alikuwa na karatasi ya kobe mkobani.

Muuzaji, bwana mwenye tumbo na miwani aliyoipandisha utosini, alimsikiliza mkamwana, akamtazama mama mtu aliyeegemea mkongojo, akaamua amtolee yeye kiti na binti amtolee biashara. Akaweka mezani boksi linalometameta, feni yake ina taa za rangi saba. "Hii ndiyo dawa yako, dada. Wati mia saba na hamsini. Inakutosha na chenji inabaki."

"Nilipakate," alisema Mama Fyuzi.

"Mama?"

"Nipe nilipakate."

Muuzaji akacheka kwa heshima, akampa. Mama Fyuzi akalipima mikononi, kama mtu anayepima papai. Jepesi. Boksi la kubeba umeme mwingi haliwi jepesi. Ndani yake kunatakiwa koili za shaba na vipande vya chuma vya kupoozea. Akaligeuza, akavaa miwani, akatafuta maandishi madogo.

"Bwana, kumi na mbili mara thelathini ni ngapi?"

"Mia tatu na sitini, Mama."

"Basi hizi nyingine mia tatu na tisini umezihifadhi wapi?"

Jirani wa duka la pili, aliyekuwa anasikiliza kwa kujifanya anafuta vumbi, akaangua kicheko. Muuzaji naye, asifiwe kwa hilo, hakununa. Alishusha miwani kutoka utosini hadi machoni, akasoma ile lebo kama anaiona leo, akakuna shingo. "Mama, hii kazi umeifanya wapi?"

"Kiwandani, kabla hujaota ndevu. Una nyingine?"

Akapanda ngazi, akashuka na boksi jeusi lisilo na taa hata moja. Aliliweka mikononi mwa Mama Fyuzi kwa uangalifu, na mikono ikashuka kidogo kwa uzito wake. Juu iliandikwa 650. Kwenye mstari wa kumi na mbili, ampea hamsini na nne. Mama Fyuzi alipiga hesabu kichwani, akampa mkamwana karatasi apige ya kwake kwa penseli. Mia sita arobaini na nane, wote wawili.

"Hili halijatia chumvi," alisema Mama Fyuzi. "Likibeba mia tatu tisini na tano na mikupuo yake, bado linapumua. Nyaya za kadi?"

Muuzaji akazitoa: mbili, kila moja na njia yake, nene, hazikuazimwa popote. Mkamwana akapima boksi kwa futi kamba. Lingeingia, na kidole kimoja cha nafasi kingebaki. Bei ilikuwa juu ya ile waliyoijia, muuzaji akapunguza bila kuombwa sana, na walipokuwa wanatoka alisema, "Karibu tena, Mama Fundi." Mkamwana akamwambia, bega limeinuka kidogo, "Huyu ni mama yangu."

Mama Fyuzi alijifanya hakusikia. Lakini alikuwa amesimama upande wa kulia.

Jumatano asubuhi wakafunga. Mkamwana alikuwa mikono, Mama Fyuzi macho. Boksi la zamani likatoka na nyaya zake zote. Binti akataka kubakiza waya mmoja wa zamani wa diski kwa sababu ulikuwa mrefu zaidi, Mama Fyuzi akampiga kofi dogo la mkononi. "Kila boksi na nyaya zake. Vichwa vinaweza kufanana, lakini ndani wamepanga wanavyojua wenyewe. Ukichanganya, unaweza kupeleka volti mahali pasipoiita." Wakapachika moja moja. Kadi, nyaya mbili. Prosesa, waya wake. Bodi kubwa, ule mpana. Kila kimoja kilipoingia kiliita kiki, na kila kilipoita Mama Fyuzi akasema, "Ndiyo."

Mkamwana akachomeka ukutani, akabonyeza kitufe.

Hakuna kitu.

Akabonyeza tena. Hakuna feni, hakuna taa, hata ya kupepesa.

Mama Fyuzi akasogeza miwani yake. Akapitia kila waya kwa macho, kisha kwa kidole. Zote sawa. Alijiona sasa: bibi kizee aliyekutwa na kiherehere, amemtoa mtoto wa watu kwenye kompyuta inayozima akamtia kwenye isiyowaka, na keshokutwa ni Ijumaa. Kalipima boksi la muuzaji kama papai mbele za watu! "Mwanangu," alianza, na sauti haikuwa yake, "labda nimeku..."

"Mama," alisema mkamwana, ameinama nyuma ya meza. "Kuna kidude hapa nyuma, kwenye boksi. Kina mstari na duara. Kimelalia kwenye duara."

Mama Fyuzi akaachia waya.

"Swichi," alisema Mama Fyuzi.

"Swichi, Mama."

"Miaka thelathini na mmoja!" Akajipiga paji la uso. "Miaka thelathini na mmoja, ningemkuta kijana wa karakana amefanya hivi ningemtuma akanunue umeme wa kilo!"

Mkamwana alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akacheka mpaka akashika mbavu. Alipopata nguvu akanyoosha mkono, akalaza swichi upande wa mstari. Kitufe kikabonyezwa. Feni zikaamka zote, taratibu, kama watu wanaonyoosha viungo.

"Sasa ipe ipike."

Feni zikapanda. Mama Fyuzi akaanza kuhesabu kwa midomo. Kumi. Kumi na moja. Binti akamshika mkono. Kumi na mbili, kumi na tatu. Ishirini. Thelathini. Feni zilifika juu zikatulia hapo hapo, mngurumo mmoja usiotetereka. Mama Fyuzi aliacha kuhesabu alipofika mia moja. Kwenye skrini, picha ya kwanza ikajitokeza kutoka juu kwenda chini: kobe amekaa kwenye kitanda kikubwa mno, kivuli chake kimelala ukutani, na kwenye jicho lake kuna tone la mwanga wa dirisha.

"Ana hofu kweli," alisema Mama Fyuzi.

"Ni kwa sababu ya hicho kimwanga. Kompyuta ya zamani ilikuwa haiwezi kukitoa."

Ilichukua siku nzima na nusu ya Alhamisi. Walikula mle mle chumbani, sahani magotini. Mkamwana alimweleza jinsi kobe anavyochorwa mifupa kabla ya ngozi. Mama Fyuzi alimweleza jinsi alivyowahi kuitafuta hitilafu moja kwa siku nne kumbe ni mjusi aliyejikausha ndani ya swichi. Kila baada ya muda alinyoosha mkono akagusa nyaya za kadi. Vuguvugu tu, kama mkono wa mtu.

Ijumaa alikwenda na mkamwana wodini, kwa miguu yake na mkongojo wake. Watoto kumi na saba walikaa kwenye mikeka na vitanda, wengine na bandeji, wengine wakisubiri zamu. Filamu ilipokwisha, msichana mmoja wa kama miaka sita, ambaye muuguzi alisema atapasuliwa Jumatatu, alimwendea mkamwana, akamvuta nguo.

"Alipovuliwa gamba, aliumia?"

"Alikuwa amelala. Hakusikia."

"Alipoamka?"

Mkamwana alisita. Alimtazama mkwewe, na Mama Fyuzi akamjibia mtoto, kwa sababu hilo alilijua yeye.

"Alipoamka alisikia maumivu kidogo. Kila siku yakawa yanapungua. Na kulikuwa na mtu wa kumletea chai, mpaka akaichoka."

Mtoto alilifikiria hilo kwa uzito wote. "Nataka kuiona tena," alisema, na wakaianza upya.

Jumapili mwana akapiga simu kutoka darajani, akauliza kama kawaida, mama hajambo, mke hajambo. Mama Fyuzi akamwambia atafute mtu aende kwenye nyumba yake ya zamani, chini ya kitanda, kuna sanduku la bati la vifaa, na ile mita ya kupimia umeme iliyofungwa kwenye kanga. Vije na basi la kwanza.

"Vya nini, Mama? Si umeambiwa upumzike?"

"Na nani?"

"Na mke wangu!"

Mama Fyuzi aliigeuza simu kuelekea chumba cha mwisho wa korido, ambako mlango ulikuwa wazi. Rafiki wa mkamwana alikuwa ameleta kompyuta yake, nayo ina tabia ya kujizima, na mkamwana alikuwa amepiga magoti kando ya meza na tochi mkononi, anasoma maandishi madogo.

"Mama!" aliita kwa sauti. "Ampea kumi na nane! Njoo uone maajabu!"

"Umesikia?" Mama Fyuzi alimwambia mwanawe. "Basi tuma hilo sanduku, nina kazi hapa." Akakata simu, akaushika mkongojo.